Kabla hujafungua duka la pili

Duka la kwanza likishatulia, mwenye nalo huanza kutafuta fremu nyingine. Maduka mengi mazuri huanza kufa hapo, tena yakiwa yanauza. Kabla hujalipa kodi ya fremu mpya, chukua kalamu upitie haya.

Kila eneo la biashara lina leseni yake. Mkataba wa fremu uandikwe, useme kodi itapanda lini na kwa kiasi gani, na anayesaini awe mwenye nyumba kweli, si mpangaji anayekupangisha tena. Pesa ya nyumbani ikae mbali na ya duka. Jilipe mshahara unaojulikana. Mzigo uhesabu kwa mkono, usikadirie kwa macho.

Linaloua ni fedha ya kuzungusha. Tuchukue duka la vifaa vya ujenzi linalouza milioni 12 kwa mwezi. Mzigo huo limeununua kwa milioni 10.2, hivyo inabaki milioni 1.8. Toa kodi ya fremu, mishahara, umeme na usafiri, tuseme milioni 1. Faida ni laki nane, na mwenye duka anaona sasa anaweza kupanuka.

Hebu ahesabu siku. Mzigo unakaa dukani wastani wa siku 45. Ukitawanya madeni ya mafundi kwenye mauzo yote, wateja wanalipa baada ya siku 15. Muuzaji wa jumla anamsubiri siku 14. Kwa hiyo fedha yake inalala nje siku 46. Mzigo wa siku moja, yaani milioni 10.2 ukigawa kwa siku 30, ni shilingi 340,000. Mara 46 ni 15,640,000. Huioni kwenye droo wala kwenye lipa namba, kwa sababu imegeuka mabati, saruji na majina kwenye daftari la madeni.

Duka la pili likiuza nusu ya hilo litataka 7,820,000 nyingine, mbali na kodi ya fremu ya miezi sita, rafu na mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi. Hiyo 7,820,000 peke yake ni faida ya karibu miezi 10, na hapo asile hata senti.

Kwa kuwa hana, anahamisha mzigo. La pili linajaa, la kwanza linabaki na mapengo. Fundi anakuja na orodha ya vitu kumi, anakosa misumari na waya wa kufungia nondo. Hazunguki maduka mawili. Orodha nzima anaipeleka kwa jirani, saruji na nondo zikiwemo. Mauzo yakishuka, malipo ya muuzaji wa jumla yanachelewa, naye anaanza kudai taslimu. Zile siku 14 zimefutika: sasa siku 46 ni 60, na duka la kwanza peke yake linahitaji 4,760,000 zaidi. Anakimbilia mkopo wa marejesho ya kila wiki kununua mzigo unaouzwa kwa siku 45. Rejesho la kwanza linafika mzigo ukiwa bado rafuni, basi anauza saruji kwa bei ya kununulia ili alipe. Kutoka hapo ni vigumu sana.

Kwa hiyo rafu za duka la kwanza usiziguse. Punguza siku kwanza. Kisichotoka ndani ya siku 90 kiuze kwa punguzo na usikiagize tena. Kila fundi awe na ukomo wa deni, na mwenye deni lililopita siku 30 asichukue kitu kingine. Ukishusha siku za mzigo kutoka 45 hadi 35, umepata 3,400,000 bila kukopa.

Lingine ni VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Mauzo ya maduka yote chini ya TIN yako, namba yako ya mlipakodi, yanajumlishwa. Milioni 144 za mwaka na 72 za duka jipya ni 216, na tangu Julai 2023 kiwango cha kujisajili Tanzania ni milioni 200. Ukivuka bila kujisajili unaweza kudaiwa kodi iliyomo ndani ya mauzo yako, 18 katika kila 118. Kwenye mauzo ya milioni 10 ni takriban 1,525,000, wakati wewe ulipata juu ya bei ya kununulia milioni 1.5 tu. Dai risiti ya EFD kwa kila mzigo kuanzia leo. Bila hiyo huwezi kurejesha kodi uliyolipa kwenye manunuzi.

Halafu ondoka dukani wiki mbili. Hesabu mzigo kabla na baada, ulinganishe na mauzo. Kama vinapishana sasa, ukiwa na duka moja, usijigawe kwa mawili. Anayeshika ufunguo wa stoo asiwe ndiye anayeandika mauzo, hata akiwa ndugu. Bima ya moto itaje anwani ya fremu mpya. Namba ya siri ya lipa namba ibadilishe kila mfanyakazi anapoondoka, siku hiyo hiyo.