Somo: Kuhamisha CD za nyumbani kwenye kompyuta, na fomati ya kuchagua

Chukua CD moja uielekeze dirishani. Ukiona vitobo vya mwanga vidogo kama vya sindano, utando wake umeshaanza kuliwa. Nakaa Shangani hapa Mtwara, hewa ya bahari inaingia ndani usiku na mchana, na CD zangu za kuchoma ndizo zilizotangulia kufa. Msingoje likizo.

Ninalosisitiza ni moja: nakili mara moja kwa fomati (namna faili linavyohifadhi sauti) isiyopoteza kitu, nakala nyingine zote zitoke humo. Mwaka 2009 nilihamisha CD zetu kwa MP3, fomati inayotupa sehemu ya sauti ili faili liwe dogo, ya kilobiti 128 kwa sekunde, kwa sababu diski ilikuwa ndogo. Ilikuwemo ya harusi ya dada yangu, kina mama na kayamba zao. CD zenyewe niliazimisha, hazikurudi. Leo vigelegele vile vinasikika kama vinatoka chini ya maji, na sina pa kuvifuata.

Hatua ya 1. Fungua CD kwenye kompyuta. Ukikuta mafaili ya .mp3, kama zile za sokoni zenye nyimbo mia na kitu, yanakili yalivyo. Ukikuta vifaili vidogo sana vya .cda, hiyo ni CD ya sauti, endelea.

Hatua ya 2. Ifute kwa kitambaa laini cha pamba, kutoka katikati kwenda ukingoni. Usizungushe mkono: mkwaruzo unaofuata duara unaharibu data nyingi mfululizo, na hapo kifaa kinashindwa kusahihisha.

Hatua ya 3. Tumia programu ya Exact Audio Copy kwenye Windows, au fre:ac ambayo inakubali hata Mac na Linux. Zote ni bure. Kwenye Exact Audio Copy chagua kujaribu kisha kunakili. Wimbo unasomwa mara mbili, na kila mara inatoka namba ya ukaguzi. Namba zikifanana, endelea; zikitofautiana, futa CD tena kwa kitambaa urudie.

Hatua ya 4, ndiyo kubwa. CD hubeba sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, biti 16, chaneli mbili: kama megabaiti 10 kwa dakika. Fomati ya WAV inahifadhi zote, ila majina ya nyimbo hayakai vizuri ndani yake. Fomati ya FLAC, iliyotoka 2001, ni kama kukunja khanga vizuri. Ukiikunjua, mji na pindo ni vile vile, na mara nyingi faili linabaki kama nusu ya WAV au kuzidi kidogo. MP3 ni kama kukata pindo ili khanga iingie mkobani. Kwa hifadhi, chagua FLAC.

Hatua ya 5. Andika majina hapo hapo: mwimbaji, mwaka, mahali. Kwa CD za ngoma, kaa na wazee wakutajie nani anapiga na ilikuwa kijiji gani.

Maswali ya wanachama

Masasi: Mkuu, redio ya gari langu haisomi FLAC.
Jibu: Toa MP3 ya kilobiti 320 kutoka kwenye FLAC yako, uitie kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32 (mpangilio wa flashi ambao redio nyingi za gari husoma). Ni kama megabaiti 2.4 kwa dakika. FLAC usiifute.

Kilwa: Nikigeuza MP3 zangu za 128 kuwa FLAC, sauti itarudi?
Jibu: Hairudi, ndugu yangu. Faili litanenepa tu. Kama CD ipo, anza upya.

Newala: Nina CD 100, flashi ya gigabaiti 64 inatosha?
Jibu: CD ya saa moja huchukua kama megabaiti 300 hadi 400 kwa FLAC, kwa hiyo 100 ni gigabaiti 30 hadi 40. Inatosha, lakini flashi moja si hifadhi. Weka nakala ya pili kwenye diski ya nje, nayo ikae nyumba nyingine.

Lindi mjini: Shikamoo kaka. CD ya marehemu baba inakwama wimbo wa sita.
Jibu: Marahaba dada, pole sana. Usiipake dawa ya meno. Hamisha nyimbo nyingine leo, kisha ujaribu huo wa sita kwenye kompyuta ya mtu mwingine, maana vifaa havisomi sawa. Ukigoma kabisa, waulize baba zako wadogo. Kama mzee aliwachomea nakala, huenda kwao unasomeka.