Gasketi ya hedi ya injini ya lori: pima kwanza, nunua baadaye

Ukifika dukani kununua gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku na hedi, unaulizwa "gari gani?", unajibu "Canter", na kosa limeshaanza. Canter zimekuja na 4D32, 4D33, 4D34 na injini nyingine. Silinda ya 4D33 ina kipenyo cha milimita 108; za 4D32 na 4D34 ni 104. Ukiweka gasketi ya 104 juu ya silinda ya 108, ringi ya chuma inayozunguka tundu itachungulia ndani ya silinda hadi milimita 2 kila upande, itapigwa na moto hadi iungue. Soma namba iliyogongwa kwenye bloku. Kibao cha chesisi kisikudanganye, kwani malori mengi ya barabarani yamekwisha kubadilishiwa injini.

Hata namba ya injini haitoshi. Injini nyingi za dizeli zina gasketi za unene tofauti kwa injini ileile. Isuzu za familia ya 4J, kama 4JA1 na 4JB1, zina daraja A, B na C, na tofauti kati ya daraja moja na jingine ni sehemu ndogo sana ya milimita. Alama huwa ni mapengo au matundu madogo kwenye ukingo wa gasketi. Usichague kwa kuhesabu mapengo ya gasketi ya zamani. Ile ilichaguliwa kwa pistoni, konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) na bloku vya siku ile. Wewe umebadilisha pistoni, na pengine bloku imepita mashineni.

Kwa hiyo gasketi hununuliwa mwisho, kazi ya mashine ikishaisha na pistoni zikiwa zimefungwa. Kinachoamua unene ni kiasi ambacho pistoni inatokeza juu ya uso wa bloku ikifika juu kabisa.

Safisha uso wa bloku na vichwa vya pistoni mpaka pasibaki kaboni. Chukua dayo geji (kipimo cha mshale kama saa) yenye kitako cha sumaku, iweke kwenye bloku, isome sifuri hapo, kisha isogeze juu ya pistoni. Zungusha kranki taratibu mpaka mshale ufike kilele na kuanza kurudi. Kile kilele ndicho kipimo. Pima sehemu mbili, upande wa mbele na wa nyuma wa injini, kwenye mstari wa pini ya pistoni. Ukipima kulia au kushoto ya mstari huo, pistoni inalala kidogo na kukupa namba ya uongo. Chukua wastani wa sehemu hizo mbili, kisha nenda silinda inayofuata.

Tuseme umepata milimita 0.78, 0.80, 0.83 na 0.79, na jedwali la injini yako linasema daraja A mwisho 0.81, B mwisho 0.86. Vitabu vingi hufuata pistoni iliyotokeza zaidi, kwa hiyo hapa ni B kwa silinda zote, ingawa tatu zingeridhika na A. Vingine hutumia wastani. Fuata kitabu cha injini yako. Pistoni moja ikiachana sana na wenzake, acha habari ya gasketi kwanza. Huenda konrodi imepinda au imefungwa pistoni isiyo yake.

Nyembamba kupita kiasi huleta mgongano: injini ikipata moto na kuzunguka kwa kasi, pistoni inagusa hedi au valvu. Nene kupita kiasi hushusha kompresheni. Asubuhi ya baridi ya Makambako utapiga stata mpaka betri ichoke, na injini ikiwaka itatoa moshi mweupe.

Kuna imani kwamba hedi ikichongwa lazima uongeze unene wa gasketi. Kwa dizeli yenye hedi bapa, ambayo chumba chake cha moto kimo ndani ya pistoni, kuchonga hedi hakubadilishi pistoni inavyotokeza. Kinachobadilika ni valvu na ncha ya nozeli inayopulizia dizeli, ambazo sasa zimekaribia pistoni. Dawa yake ni kushusha viti vya valvu hadi kina cha kitabu na kurekebisha washa ya nozeli. Kuchonga bloku ndiko kunakodai gasketi nene. Kwa Cummins 6BT zipo zilizoongezwa milimita 0.25 na 0.50.

Sasa uso wenyewe. Weka rula ya chuma iliyonyooka kwa urefu, upana na pembe kwa pembe. Hedi ya silinda nne kwa kawaida isipitishe fila (bamba jembamba la kupimia mwanya) ya milimita 0.05; ikipitisha 0.10, ipeleke mashineni. Gasketi ya tabaka za chuma inataka uso laini sana, kwa hiyo mikwaruzo ya msasa au diski ya grainda ni njia ya maji. Ile ya grafaiti au mchanganyiko huvumilia zaidi. Kama uso wako si laini na hakuna mashine nzuri karibu, usinunue ya chuma tupu kwa sababu tu ni ghali.

Kwa injini ya laina za maji, yaani silinda za kuchomeka zinazoguswa na maji ya kupoza, pima pia laina inavyotokeza juu ya bloku. Laina iliyozama haibani ringi ya gasketi, na hakuna gasketi itakayookoa hapo.

Ilaze gasketi mpya kwenye bloku bila hedi. Alama ya juu au ya mbele ikae inavyotakiwa, njia ya oili isizibwe. Matundu ya maji mengine huwa madogo kuliko ya bloku: ni makusudi, hupima maji yanayopanda kila silinda. Usiyapanue. Silikoni usipake, ila pale kitabu kinapotaja, kwa kawaida kwenye maungio ya kava ya mbele.

Puliza matundu ya bolti. Oili au maji yakibaki chini ya tundu lisilopenya, bolti inayasukuma mpaka bloku ipasuke. Bolti za kukazwa kwa digrii za mzunguko zipime urefu. Zilizozidi kikomo zitupe. Kaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua, na spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza.