Kabla hujasaini fomu ya upasuaji wa titi

Daktari aliposema nitafanyiwa upasuaji wa saratani ya titi, nilijua ni kukatwa titi, basi. Kalamu nilikuwa nimeshaishika. Dada yangu akaweka kiganja juu ya fomu, akauliza: "Upasuaji upi, daktari?" Uliza hivyo hivyo.

Njia kubwa ni mbili: kutoa uvimbe pamoja na ukingo wa nyama isiyo na ugonjwa, titi likabaki, au kutoa titi lote. Usidhani kukatwa zaidi ndiko kupona zaidi. Majaribio ya madaktari Bernard Fisher huko Marekani na Umberto Veronesi huko Italia yaliwafuatilia wanawake kwa takriban miaka 20, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2002: waliobakiziwa titi na kupigwa mionzi waliishi sawa na waliotolewa titi lote. Lakini hiyo mionzi usiiache. Katika jaribio la Fisher, saratani ilirudi kwenye titi lilelile kwa wanawake kama 39 kati ya 100 waliokosa mionzi, na 14 kati ya 100 walioipata. Kwa hiyo uliza mapema mionzi utaipata wapi, na kama utaweza kuhudhuria wiki zote zinazotakiwa.

Ukiwa mjamzito, au kifua chako kiliwahi kupigwa mionzi, huenda ukashauriwa kutoa titi lote. Uvimbe ukiwa mkubwa, uliza kama dawa za kemo, zile za kuua seli za saratani, zinaweza kutangulia ili ziupunguze. Mimi nilikuwa na uvimbe sehemu mbili zilizoachana, nikatolewa titi lote la kushoto. Nililia, lakini nilijua kwa nini.

Kuhusu kwapa, penye tezi ambazo saratani ya titi inaweza kuzifikia, uliza hivi: "Mtatoa tezi ngapi?" Kama tezi hazijaonekana kuwa na saratani, mara nyingi titi huchomwa sindano ya rangi ya buluu ili kutafuta zile za kwanza kupokea majimaji ya titi, zikapimwa hizo tu. Kwangu zilitolewa mbili. (Siku ya pili mkojo wangu ulikuwa kijani, nilishtuka sana kwa sababu hakuna aliyeniambia.) Zikitolewa nyingi, hatari ya mkono kuvimba huongezeka, hata miaka baadaye.

Kutengenezewa titi jingine, kwa nyama ya tumbo au mgongo wako au kwa kifuko cha silikoni, kunaweza kufanyika siku ileile au baadaye sana. Mimi bado sijaamua, na hakuna anayenikimbiza.

Nyumbani nilirudi na mrija ubavuni wa kutoa maji ya kidonda. Kila asubuhi nilipima maji yake na kuandika daftarini; uliondolewa yaliposhuka chini ya mililita 30 kwa siku. Omba ufundishwe mazoezi ya bega kabla hujaruhusiwa, na uulize majibu ya maabara yatatoka lini. Kama ni uvimbe tu uliotolewa na ukingo ukakutwa na seli za saratani, huenda ukarudishwa tena chumba cha upasuaji, nawe ni vizuri ulijue hilo mapema.