Waridi la harufu juu ya mawe ya Goma, kwa wanaotamani pioni

Tumalize kwanza habari ya pioni, lile ua ambalo Wafaransa huliita pivoine. Mzizi wake hauamki mpaka ulale baridi ya nyuzi 0 hadi 7 kwa wiki nyingi mfululizo. Goma iko kwenye mita 1,500 hivi na usiku wake haukaribii baridi hiyo. Mzizi ulioagizwa kutoka Ulaya unaweza kuchipua mara ya kwanza, kwa kuwa ulishalala huko ulikotoka. Msimu unaofuata hutoa majani mawili matatu, halafu unaoza polepole. Kuweka barafu kwenye chungu ni kupoteza barafu.

Ua lenye petali nyingi na harufu ya zamani tunalipata kwenye waridi, ila si waridi lolote. Waridi nyingi za ukoo wa Gallica na Damask nazo zinataka majira ya baridi. Zinazochanua mwaka mzima bila baridi ni za ukoo wa China, Tea na Bourbon: 'Old Blush', 'Duchesse de Brabant' ya 1857, 'Souvenir de la Malmaison' ya 1843. Hii ya mwisho ni nzuri mno, lakini mvua ikiwa nyingi petali za nje hugandamana na ua huozea ndani bila kufunguka. Ipande panapopita upepo.

Usihangaike na majina. Zunguka asubuhi kwenye parseli za zamani kando ya ziwa, nusa, kisha omba kijiti cha kupanda. Waridi la duka la maua liache: mengi yalizalishwa yadumu kwenye chombo, na harufu ikapotelea humo.

Kijiti. Chagua tawi ambalo ua lake limetoka kudondoka, unene wa kalamu. Kata sentimita 20 zenye macho (vinundu vya kuchipulia) manne au matano: chini kata mshazari, chini kidogo ya jicho; juu acha sentimita moja juu ya jicho. Bakiza jani moja tu la juu. Changanya makopo mawili ya mchanga mweusi uliooshwa na kopo moja la samadi kuukuu iliyochekechwa. Jaza kwenye chungu chenye tundu chini, fukia macho mawili, funika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, kifuniko kikiwa wazi, weka kivulini. Kijiti huchipua majani kwa akiba yake chenyewe kabla hakijapata mzizi hata mmoja, na hapo ndipo wengi hukihamisha kikafa. Ngoja wiki sita hadi nane, mpaka mizizi ionekane kwenye tundu la chini.

Kitanda. Hapa ndipo Goma inapotofautiana na vitabu. Mwaga bidoni la lita 20 mahali unapotaka kupanda. Maji yakipotea kwa dakika chache, uko juu ya lava iliyovunjika, na mbolea yako itafuata njia hiyohiyo. Yakibaki saa nzima, chini kuna bamba zima la lava. Ukichimba shimo humo umetengeneza beseni la kuozeshea mizizi. Dawa ya yote mawili ni kupanda juu. Panga mawe ya lava kuzunguka sentimita 60 kwa 60, kimo sentimita 50. Chini weka kokoto sentimita 10, juu yake gunia kuukuu ili udongo usichuruzike. Kisha bidoni tano za udongo na mbili za samadi ya ng'ombe iliyoiva. Tia mkono ndani ya samadi: ukihisi joto, bado, itaunguza mizizi.

Panda Septemba mvua zinapoanza, kina kilekile cha chungu, na umwage lita 10. Tandaza maganda makavu ya maharage sentimita tano, yasiguse shina.

Juni hadi Agosti mwagilia lita 10 mara mbili kwa wiki, tatu kama uko kwenye lava iliyovunjika. Asubuhi, chini tu. Ugonjwa wa madoa meusi unataka jani lililolowa kwa muda wa saa saba au zaidi, na anayemwagilia majani jioni anaupa usiku kucha. Majani yaliyodondoka yachome. Ugonjwa wa unga mweupe wa kiangazi hauhitaji jani kulowa. Nyunyizia maziwa kipimo kimoja kwa tisa vya maji, kila wiki.

Mwisho wa Agosti pogoa kwa sekateri (mkasi wa kupogolea): matawi makavu na vijiti vyembamba. Waridi la Tea likikatwa nusu hununa miezi.

Maswali

*Mama wa Himbi: Langu linachanua, lakini halinukii.*
Mama, linuse saa moja asubuhi likiwa limefunguka nusu. Saa saba mchana harufu imeshapeperuka. Kama hata asubuhi hakuna kitu, aina ndiyo hiyo. Mbolea haileti harufu.

*Papa wa Keshero: Majani ni ya manjano, mishipa imebaki kijani. Ninaweka majivu ya makala kila wiki.*
Papa, ni hayo majivu. Yanaondoa uchachu wa udongo, na madini ya chuma yanafungika humo mmea usiweze kuyanywa. Acha kabisa, kwangua ya juu, ongeza samadi kuukuu. Yaliyokwisha kuwa manjano huenda yasirudi. Angalia majani mapya.

*Kijana wa Ndosho: Kuna fimbo ndefu imetoka chini, haichanui.*
Kama uliununua mmea uliounganishwa, hiyo ni ya shina mama, lile la chini lililounganishiwa waridi lako. Fukua mpaka inapoanzia, uing'oe kwa mkono. Ukiikata, zitarudi tatu. Kama ulipanda kijiti chako mwenyewe, iache, ni tawi jipya.

*Dada wa Katindo: Na pioni kwenye jokofu?*
Inawezekana, dada: mzizi uliolala, nyuzi 2 hadi 4, wiki nane hadi kumi, kila mwaka, umeme usikatike. Na jokofu hilo lisiwe na ndizi wala maembe, maana gesi ya matunda yanayoiva huharibu vichipukizi.