Kabla ya kulipia mtoto wa Jemani Shepadi, mkague hivi

Hapa Arusha, mbwa yeyote mweusi mwenye kahawia miguuni anauzwa kwa jina la Jemani Shepadi. Mimi nafundisha mbwa wa ulinzi, na nikiitwa kumkagua mbwa, masikio nayaacha mwisho.

Tuanze na mbwa mzima, maana wazazi ndio utakaowakagua kwanza. Mtazame kwa ubavu akiwa amesimama. Asili yake ni mbwa wa kuchunga kondoo, ambaye Max von Stephanitz alianza kumsajili huko Ujerumani mwaka 1899, na mwili wake ni wa kwenda mbio za polepole kutwa nzima. Ndiyo maana urefu wa kiwiliwili unazidi kidogo kimo chake. Dume hufikia sentimita 60 hadi 65 begani, jike 55 hadi 60. Mgongo ulioinama sana kwa nyuma si dalili ya damu safi, hata muuzaji aape. Omba akimbizwe kidogo; akiyumba kiuno, au akiruka kwa miguu yote miwili ya nyuma kwa pamoja, mwache. Nyonga za mbwa hawa huugua sana.

Kisha mshike. Pitisha vidole shingoni kinyume na manyoya yalivyolala. Juu ni magumu na yamenyooka. Chini yake kuna sufi laini, yenye rangi hafifu, iliyosongamana hadi ngozi inajificha. Kwa mbwa wetu wa kienyeji, vidole vinagusa ngozi papo hapo. Rangi mtu anaweza kuibahatisha kwa kuchanganya mbegu, lakini sufi hiyo ni vigumu.

Mkia ni wa manyoya mengi, unaning'inia hadi kwenye kifundo cha mguu wa nyuma. Ukijikunja juu ya mgongo, kuna damu nyingine. Meno ya mbele ya juu yapite mbele ya yale ya chini yakigusana.

Sasa mtoto. Wa wiki nane huwa mweusi kuliko atakavyokuwa, na kahawia huongezeka akikua. Masikio yake kulala si kasoro: mengi husimama kati ya miezi minne na sita, na yanaweza kulegea tena anapoota meno. Ukiambiwa “mama yake yuko shamba”, sema utamfuata hukohuko shamba, na hela ibaki mfukoni hadi umemwona.