Somo: Kupanga wiki ya skii Wengen, Uswisi, ukiwa na watoto

Wengi wakianza kupanga safari ya skii, yaani kuteleza kwenye theluji kwa mbao ndefu zinazofungwa miguuni, huhesabu kilomita za njia za kutelezea. Kwa familia yenye mtoto wa miaka mitano hesabu hiyo haina kazi. Hesabu hatua atakazotembea asubuhi akiwa na buti za skii miguuni, kutoka mlangoni hadi kwa mwalimu wake. Zikizidi mia tatu, jiandae kumbeba yeye, skii zake na zako. Ndiyo maana tunaichukua Wengen, iliyo mita 1,274 juu ya usawa wa bahari: magari ya wageni hayafiki, na uwanja wa wanaoanza uko katikati ya kijiji.

1. Wiki kwanza, hoteli baadaye. Msimu huanza katikati ya Desemba hadi mapema Aprili. Krismasi na Februari shule nyingi za Ulaya zimefungwa, bei zinapaa na madarasa ya watoto hujaa mapema. Katikati ya Januari kuna mbio za skii za Lauberhorn, zilizoanza 1930. Njia yake ya kilomita 4.5 hivi ndiyo ndefu kuliko zote za kuteremka katika Kombe la Dunia la skii, na siku hizo kijiji hufurika. Anayejifunza aende mwisho wa Januari au mwanzo wa Machi. Ila Machi jua ni kali: asubuhi theluji ngumu, saa nane mchana imekuwa uji na magoti yamechoka. Panga masomo ya asubuhi.

2. Usafiri. Kutoka uwanja wa ndege wa Zürich panda treni hadi Interlaken Ost, kwa kawaida ukibadilisha Bern. Ni saa mbili na robo hivi. Hapo panda ya Lauterbrunnen, dakika 20. Watu hupotea hapa: treni hiyo hukatwa vipande viwili Zweilütschinen, kimoja kinakwenda Lauterbrunnen na kingine Grindelwald. Soma kibao cha behewa kabla ya kupakia masanduku. Lauterbrunnen unahamia treni ya meno, inayopanda mlima kwa gurudumu linalong'ata reli yenye meno, na baada ya robo saa hivi uko Wengen. Mwenye gari huliacha kwenye jengo la maegesho Lauterbrunnen.

3. Shule ya skii. Madarasa ya kundi huanza Jumapili au Jumatatu. Ukifika Jumanne, mtoto anaingia kundi ambalo tayari linajua kusimama, naye atashinda analia. Usimfundishe mwenyewe; mzazi huvuta mkono, mwalimu huacha mtoto aanguke.

4. Vifaa. Nguo nunua au azima. Skii, buti, fito na helmeti kodi kijijini, jioni ile ile ya kufika, kwa sababu asubuhi foleni ni ndefu.

Buti ndiyo kila kitu. Saizi yake ni urefu wa mguu kwa sentimita. Omba fundi atoe soksi nene ya ndani ya buti, mtoto aingize mguu kwenye ganda tupu, vidole viguse mbele. Nyuma ya kisigino pawe na nafasi ya vidole viwili vya mkono, si zaidi. Kisha rudisha soksi ile, funga: akisimama wima vidole vinagusa mbele, akikunja magoti vinarudi nyuma kidogo. "Atakua ndani yake" ni hesabu ya viatu vya shule. Buti kubwa huacha kisigino kinyanyuke na skii haimtii.

Fundi atauliza uzito, urefu, umri na kiwango ili apange kibanio kinachoshika buti. Usione haya kutaja kilo zako. Ukipunguza, skii itachomoka hovyo. Ukizidisha, itagoma kuachia ukianguka, na goti ndilo litakalolipa.

Kabla ya kuvaa skii, kwangua theluji chini ya buti. Ingiza ncha ya buti kwanza kwenye kibanio, kisha kanyaga kisigino hadi usikie "tak". Isiposikika, kuna barafu imekaa katikati.

5. Pasi ya lifti, yaani mitambo inayokupandisha mlimani. Siku mbili za kwanza usinunue ya eneo zima. Uliza tiketi ya uwanja wa wanaoanza.

Maswali ya wanachama

*Mama Zuu, Hamburg: Mwanangu miguu inaganda hata na soksi mbili. Niongeze ya tatu?*
Hapana dada, punguza. Soksi mbili hubana damu, na damu ndiyo inayoleta joto. Moja ya sufu, nyembamba, ifike chini ya goti. Na suruali ya ndani isiingie kwenye buti. Mkunjo mmoja tu unachubua.

*Otieno, Nairobi: Bima ya viza inatosha?*
Kwa viza ya Schengen, ile ya nchi nyingi za Ulaya, Uswisi ikiwemo, ndiyo, ikifika euro 30,000. Kwa mlimani, soma masharti: nyingi haziingizi skii. Itafute inayotaja skii na uokoaji, kwa helikopta pia, maana hata kuteremshwa kwa machela unalipishwa. Viza yenyewe ni euro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Wadogo zaidi hawalipi. Omba mapema, hadi miezi sita kabla ya safari.

*Bi Salma, Muscat: Vyakula vyao vipi kwetu Waislamu?*
Fondyu ya jibini hupikwa kwa divai nyeupe, na mara nyingi huongezwa pombe ya cheri, iache. Rakleti ni jibini lililoyeyushwa juu ya viazi, ila mwambie mhudumu asiweke nyama ya nguruwe pembeni. Rösti, viazi vya kukwaruzwa na kukaangwa, nayo uliza kwanza kama ina nguruwe. Chukua nyumba yenye jiko, shoga, utastarehe.

*Baba Neema, Arusha: Mimi sitelezi. Nitakaa tu?*
Hata, kaka. Panda kibanda kinachoning'inia kwenye kebo hadi mlima Männlichen, mita 2,225, kisha tembea njia iliyosawazishwa hadi kituo cha treni cha Kleine Scheidegg, saa moja na nusu hivi, mlima Eiger ukiwa mbele yako. Rudi kwa treni. Vaa viatu vyenye soli ya meno, na miwani ya jua. Theluji huurudisha mwanga machoni.