Kuhamisha picha za harusi kutoka kwenye kamera kwenda kwenye kompyuta

1. Zima kamera ndipo utoe kadi. Kitaa kidogo kikiwa bado kinawaka, kamera ingali inaandika; subiri kizimike.

2. Tumia kadi rida, yaani kifaa cha kusomea kadi. Waya wa USB nao unafaa, ila unakula chaji ya kamera, na betri ikizima katikati ya kazi umejitafutia balaa. Tafuta rida ya USB 3.0 uichomeke kwenye tundu la USB 3.0, ambalo mara nyingi ndani lina rangi ya bluu. Faili moja la RAW (picha ghafi isiyobanwa kuwa JPEG) la kamera ya megapikseli 24 hufika MB 25 hivi, kwa hiyo harusi ya picha 1,000 ni kama GB 25. Kwenye tundu la zamani utasubiri hadi usinzie.

Kama kompyuta si yako, mathalani ya stationari, sukuma kwanza kile kitufe cha LOCK ubavuni mwa kadi. Kukopi kutakubali, lakini virusi vitapata shida kujiandika humo.

3. Fungua folda mpya kwa kila shughuli, mwaka ukitangulia: 2025-06-14_Harusi_Tanga. Usirundike kazi zote pamoja. Kamera nyingi huhesabu picha hadi 9999 kisha hurudi 0001, kwa hiyo IMG_0412 ya leo inaweza kugongana na ya mwaka jana. Kompyuta itakuuliza kama ubadilishe faili. Ukibonyeza kwa haraka, ya zamani imekwenda.

4. Ndani ya kadi fungua folda ya DCIM. Canon huweka picha kwenye folda kama 100CANON, Sony kwenye 100MSDCF. Wenye Sony, angalieni sana: video za XAVC S (aina ya video ya Sony) hazimo humo, zimo PRIVATE, kisha M4ROOT, kisha CLIP. Wengi husahau, wakafuta kadi na hotuba ya baba mzazi ikiwamo.

Chagua zote kwa Ctrl+A, kopi kwa Ctrl+C, bandika kwa Ctrl+V. Ctrl+X isahau kabisa: umeme ukikatika katikati, hujui kipi kimefika na kipi kimebaki.

5. Linganisha idadi ya mafaili na ukubwa wake pande zote mbili. Fungua picha kadhaa uzikuze. Iliyoharibika mara nyingi huonyesha nusu ya kijivu. Kisha weka nakala ya pili kwenye hard disk ya nje. Bibi harusi hatavaa shela tena kwa ajili yako.

6. Toa kadi kwa Eject, rudisha LOCK ilipokuwa, ifomati (yaani ifute yote) ndani ya kamera yenyewe, si kwenye kompyuta. Hii ni baada ya nakala mbili kukamilika, si kabla.

Ukifomati kimakosa, usipige hata picha moja zaidi kwa kadi hiyo. Mara nyingi picha bado zimo mpaka nyingine ziandikwe juu yake, na programu ya bure ya PhotoRec inaweza kuzitoa. Zielekeze kwenye diski nyingine, usizirudishe kwenye kadi ileile.